Upande wa Wasio na Madoa

Zamani, kuku na kanga walipokuwa bado wakimpigia kura mlinzi wa banda lao, Kicheche naye aligombea. Mayai yalikuwa yakipotea, na kila mkutano wimbo wake ulikuwa mmoja: wezi ni kanga, wageni wenye madoa, wapiga kelele wasiojua mila zetu.

Kuku wakaanza kuwakwepa kanga. Lakini Mama Kishungi, kuku mweupe, alikuwa na kanga mdogo ubavuni, aliyemlalia mwenyewe tangu yai.

"Leo tujuane," Kicheche alisema jukwaani. "Wenye madoa kule. Sisi wasafi tubaki hapa."

Mama Kishungi akamshika mwanawe ubawa, wakaenda kule.

"Mama, umekosea upande," Kicheche alimwambia. "Wewe huna doa hata moja."

"Sijakosea. Kanga hupiga kelele ukipita wewe, na ukishapita mayai hayapo. Ndiyo maana unataka waondoke."

Kuku mwingine akamfuata, kisha kumi, mpaka uwanja wote ukahama. Upande wa wasafi akabaki Kicheche peke yake. Wote wakamtazama yeye sasa, wakaona kiini cha yai kimemkaukia kwenye sharubu.