Bado Ni Bibi Yako?

"Huyu bado ni bibi yako?" Ofisa wa uhamiaji alimuuliza mwanamume aliyeketi kando ya Habon, si Habon mwenyewe.

Kibali cha Habon cha kukaa Kenya kilitegemea ndoa. Tangu talaka yao, kila mwaka alimsihi mwanamume huyo aje hapa aseme ndiyo, ili yeye Habon asirudishwe Mogadishu na kuwaacha watoto Machakos. Kila mwaka alikuja, kisha akadai kushukuriwa.

"Ndiyo," alisema, akimwekea Habon mkono begani. Ulikuwa mzito, unanuka mbuzi wa mnadani.

Habon aliuondoa taratibu.

"Si kweli. Aliniacha," alisema. "Nimechoka kuombewa ruhusa ya kukaa na watoto wangu. Kama kuna njia yangu mwenyewe, niambie."

Mwanamume alisukuma kiti, akatoka. Ofisa aliurudisha muhuri mezani bila kuugonga.

"Vuta kiti, mama. Huenda njia ipo kupitia watoto. Walizaliwa wapi?"