Kiti cha Fundi Viatu

Hakuwa na digrii. Hakuwa na maabara, wala msaidizi, wala rafiki katika ofisi yoyote kubwa. Alichokuwa nacho ni karakana ya kuchomelea vyuma nyuma ya nyumba ya vyumba viwili, cheti cha shule ya jioni, na mtungi wa chuma alioutengeneza kwa miaka kumi na mmoja. Na zaidi ya yote, hakuwa na kifaa cha kuhesabu nyutroni.

Bila nyutroni hakukuwa na ushahidi. Ndani ya mtungi ule atomu za haidrojeni nzito ziligongana na kuungana, na kila zilipoungana zilirusha nje nyutroni, chembe zisizoonekana, zinazopenya ukuta kama vile ukuta haupo. Ndivyo alivyoamini. Siku moja mtungi kama ule ungewasha taa za mtaa mzima kwa gharama ya mshumaa. Kamati ya wataalamu ilimjibu kwa mistari miwili: alete vipimo vya nyutroni kabla ya mwisho wa mwaka, la sivyo asiwaandikie tena.

Kifaa hicho hakikuuzwa kwa mtu wa kawaida. Alikwenda chuo kikuu kukiazima; mlinzi hakumfungulia hata geti.

"Profesa," kaka yake alimtania, "hilo lisufuria lako halijachemka tu?"

"Litachemka, kaka."

"Fanya haraka. Wenzako tunasubiri kupakuliwa."

Kaka alikuwa fundi viatu. Walipofiwa na wazazi, mmoja tu ndiye aliyeweza kwenda shule, na kaka akashika sindano ya viatu ili mdogo wake ashike kalamu. Mpaka leo hakuweza kusoma hata jina lake kwenye kadi ya kliniki. Miaka yote alishonea barazani, vumbi likimwingia machoni, hadi mwaka ule mdogo wake alipomhamishia ndani ya karakana. Akamtengenezea meza. Akamwekea kiti chenye mto, akapima sakafu mara mbili kwa futi ya utepe, kisha akakifunga kiti kwa skrubu kisiyumbe.

"Mto kabisa! Kwani nimekuwa bibi harusi?"

"Umezeeka, kaka. Kaa hapo hapo, usihamehame."

Yeye mwenyewe alifanyia kazi upande wa pili, nyuma ya mapipa sita ya maji yaliyopangwa kama ukuta. Kaka aliuliza maji yote yale ni ya nini.

"Ya tahadhari. Huoni cheche zinavyoruka humu?"

Wiki hiyo hiyo, kabla hajawasha mtambo, alimpeleka kaka kliniki kupimwa damu. Baada ya hapo wakaenda kila Jumatano. Mtaa mzima ulimsifu. "Nyinyi mtampima lini ndugu yenu akiwa mzima?" jirani mmoja aliwauliza wanawe. "Mnangoja mpaka abebwe."

Wiki ya tatu kaka alianza kutapika. Wiki ya tano nywele zake zilibaki ndani ya kofia. Kisha fizi zikaanza kutoa damu, na sindano ikawa inamponyoka mkononi.

Daktari alizipitia karatasi zote, akakunja uso.

"Seli nyeupe za damu zimeshuka tena. Amewahi kufanya kazi kwenye mashine za eksirei?"

"Hapana, daktari. Yeye ni fundi viatu."

"Basi sielewi kinachomla. Nisikufiche, sidhani kama atafika mwezi wa pili."

"Niandikie yote hayo, tafadhali. Weka na tarehe, na muhuri."

Nje ya kliniki aliegemea ukuta akalia kwa kwikwi, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza.

"Basi, mdogo wangu. Watu wanatuangalia. Ukienda nyumbani lizime hilo lisufuria, litakuua kwa mawazo."

Akalizima siku ile ile. Kisha akakaa mezani siku tatu, akiandika na kuchana, akiandika na kuchana. Chakula hakigusi. Kaka alimtazama kutoka kitandani mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Unamwandikia nani?"

"Kamati."

"Waambie kaka yako anaumwa. Nao ni watu, wana ndugu zao. Wataelewa."

"Nitawaambia, kaka."

Siku ya nne barua ikakamilika. Kaka alijikongoja mpaka mezani, akaegemea bega la mdogo wake, akainama juu ya karatasi. Mwandiko ulimpendeza: mistari iliyonyooka, tarakimu zimesimama kama askari kwenye gwaride. Hii ndiyo kalamu aliyoilipia kwa maisha yake barazani. Akaweka kidole chake kilichovimba juu ya mstari wa kwanza.

"Hapa umeandika nini?"

"Salamu."

Kaka akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Bahasha ilikuwa ya zamani na haikushika, kwa hiyo akaagiza aletewe gundi yake ya viatu. Akaipaka mwenyewe, akaikandamiza kwa kiganja kama soli, na hakuinua mkono mpaka alipohakikisha imeshika.

"Wahi," alisema. "Posta wasije wakafunga."

Saa tisa alasiri karani wa posta aliigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko barua ile ambayo mstari wake wa kwanza ulisema: "Kifaa kilichotumika kupima nyutroni: binadamu mmoja, mwanamume, miaka sitini na miwili, mita mbili na robo kutoka kwenye mtambo, bila kinga ya maji, siku arobaini na nne."