Dungu la Sebuleni

Melkiori alipanda juu ya kiti, akachomoa balbu ya sebuleni na kuweka nyingine kubwa zaidi, ile ya kumulikia ua. Sebule ikawaka kama mchana.

"Sasa aje huyo mwizi," akasema.

Mkewe, Agnella, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. "Mwizi wa mayai ya samaki? Hapa Katindiuka?"

Samaki wenyewe walikuwa wawili, wa baharini, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Binti yao Violeth ndiye aliyewaleta kutoka Dar, pamoja na tangi la kioo na mfuko wa chumvi ya kukorogea maji yao. Majirani, waliozoea perege na kambale, waliuliza swali moja tu: hawa wanaliwa? Melkiori hakujali. Aliwapenda, na sasa alitaka kuona watoto wao.

Mara mbili walikuwa wametaga kwenye kigae. Mara mbili Melkiori alikihamishia kigae kwenye tangi dogo, akaona vijicho vinang'aa ndani ya mayai, na mara mbili yakafia humohumo. Mara ya kwanza alilinda kwa taa. Ya pili, taa na tochi. Sasa walikuwa wametaga mara ya tatu, na kigae kilikuwa tayari kwenye tangi dogo. Kwake jambo lilikuwa wazi: kuna mwizi wa usiku anayeyaharibu, na mwanga haukutosha. Alikulia kwenye mpunga, akikesha juu ya dungu na kufukuza nguruwe kwa moto. Shamba lenye giza huliwa, na elimu yake ya ulinzi iliishia hapo.

"Kuku wangu anaatamia nyuma ya mlango wa jikoni, gizani," Agnella alisema. "Hamulikwi na mtu, na vifaranga anatoa."

"Samaki si kuku, Mama Violeth."

"Haya. Ila makubaliano ni yaleyale. Wakishindikana safari hii, tangi linaondoka na cherehani yangu inarudi juu ya meza yake."

Makubaliano hayo Melkiori aliyatoa kwa mdomo wake mwenyewe, siku ya hasira. Mke huyu hakuwa na huruma na samaki. Juzi tu Melkiori alimkuta ameinama mbele ya tangi, midomo inacheza, lakini alipomuuliza alijibu kwamba anafuta vumbi.

Jioni ile Melkiori alitoka kidogo kufuata baiskeli yake kwa jirani, fundi Beno. Aliporudi, nyumba ilikuwa giza totoro. Alibonyeza swichi, wapi!

"Umeme umekatika," Agnella alisema kutoka chumbani.

"Mbona kwa Beno unawaka?"

"Beno ana sola."

Akapapasa tochi. Haikuwaka.

"Simu yako iko wapi?"

"Imezima."

"Basi kiberiti!"

"Kimeloa, mume wangu. Nimekimwagia maji nikiosha vyombo."

Siku ya kufa nyani! Melkiori alienda kwa kupapasa hadi kwenye tangi dogo. Mashine ya hewa peke yake ilikuwa ikiendelea kupiga mapovu, akamshukuru Mungu kwa hilo bila kujiuliza zaidi. Alikaa sakafuni, machozi yakimlengalenga. Alikwisha kuiona cherehani juu ya meza.

"Njoo ulale, Baba Violeth. Utalinda nini usichokiona?"

Alikwenda. Kwa uchovu wa kukesha, alilala fofofo.

Asubuhi alifunua pazia bila matumaini, akainama. Ndani ya maji palikuwa na vitu vyembamba kama kope, vingi, kila kimoja na macho yake, vikichezacheza karibu na uso wa maji. Alipiga kelele hadi Beno akaja mbio kifua wazi.

"Wametoka! Mama Violeth, wametoka bila mlinzi!"

Agnella alicheka hadi akajishika mbavu. "Bahati yako. Umeme nao ulijua siku ya kukatika."

Furaha ilimzidi Melkiori. Alimkumbatia Beno, akamkumbatia mkewe mbele za watu, kisha akashika njia ya jikoni. "Siku yenye baraka hii! Ngoja nikaone, huenda na kuku naye katotoa."

Agnella akaacha kucheka. "Usimguse! Atakudonoa!"

Melkiori alikwisha kuingiza mkono chini ya kuku. Akatoa balbu kubwa ya kumulikia ua, yenye joto zuri. Akatoa betri mbili za tochi. Mwisho akatoa kiberiti, kikavu kabisa.