Vumbi la Mdomoni

Mohamedi alipiga magoti chini ya kalavati, akatoa chupa aliyoificha nyuma ya jiwe, akanywa mpaka tumbo likajaa. Kisha akachovya kidole kwenye vumbi, akajipaka midomoni. Midomo ya mtu aliyefunga huwa mikavu, na yeye hakutaka yake imfichue.

Juu barabarani, Linus alikuwa ameshikilia baiskeli zote mbili.

"Tumbo bado linakusumbua, ndugu yangu?"

"Kidogo. Limetulia sasa."

"Na njaa yote hiyo! Ninyi wenzetu mna roho ngumu."

Mohamedi alipanda baiskeli bila kumtazama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini haikumfanya ayarudishe maji.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2002, mwezi Novemba, jua la Nachingwea halina huruma hata kwa mbuzi. Siku ya Uhuru, mara tu baada ya Idi, yangefanyika mashindano ya wawili wawili: kuogelea kukatiza bwawa la Marambo, kuendesha baiskeli mpaka Ruangwa, kisha kukimbia kuuzunguka mji hadi uwanjani. Mwaka uliopita Mohamedi na Linus walishika mkia. Watoto wa Ruangwa waliwapigia makopo njia nzima. Mohamedi aliapa hatachekwa tena, na kiapo hicho ndicho kilichomshusha kalavatini mara ya kwanza, siku alipopatwa na kizunguzungu. Kizunguzungu kiliisha. Kushuka hakukuisha.

Nyumbani hakuna aliyejua. Alikula daku na mkewe, Mwanne, na jioni akafuturu naye, akiitanguliza bismillahi kama mtu mwema. Wenzake wa mazoezi walimfanya ndiye mwalimu wao. "Kiu iko kichwani, jamani," aliwaambia. "Roho ikikaza, mwili unafuata." Walipompigia makofi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Linus yeye alikuwa Mkatoliki, mtoto wa watu waliovuka kutoka Msumbiji, na aliijua Ruvuma kabla ya kujua kusoma. Majini hakuwa na mpinzani. Chupa yake ya maji ilining'inia kwenye usukani, imejaa.

"Kunywa bwana, usinionee haya," Mohamedi alimwambia.

"Nitakunywa nyumbani."

Tusi lingemuuma Mohamedi kidogo kuliko heshima hiyo.

Lakini mwezi ulipofika katikati, Linus akaanza kuharibika. Mashavu yalibonyea. Penye kilima alishuka, akasukuma baiskeli. Bwawani ndiyo ikawa kichekesho kabisa: aliogelea kichwa juu, mdomo ameufumba kama mtoto anayekataa dawa, na akifika ng'ambo anatema mate, anatema tena, anajifuta.

"Zamisha kichwa!" Mohamedi alimfokea kutoka ukingoni. "Nani kakufundisha kuogelea hivyo?"

"Nitajitahidi, kaka."

Hakujitahidi. Na jua lilipoelekea kuzama, wenzake wakikaa kupiga soga kidogo, yeye alikuwa wa kwanza kuondoka, mbio kwake.

Saadi, mwenye miguu mirefu, aliyekuwa akiitamani nafasi ya Linus tangu mwanzo, alimvuta Mohamedi pembeni.

"Kaka, huu msimu wa mabibo. Mtu wako anawahi pombe ya uraka kilabuni. Si unamwona alivyokwisha?"

Mohamedi aliamini upesi, na sababu ya kuamini aliijua mwenyewe. Kumbe hakuwa peke yake! Kumbe na mwenzake alikuwa na kitu anachonywa kwa kujificha! Usiku ule alilala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Nyani haoni kundule.

Siku ya mwisho ya mazoezi alimwita Linus mbele ya wote.

"Mazoezi ni nidhamu," alisema. "Mtu aliyeshindwa kuutawala mdomo wake hawezi kushinda chochote. Siku ya Uhuru nitaingia na Saadi."

Watu walitazama chini. Linus aliinua uso. Midomo yake ilikuwa imepasuka pasuka.

"Sawa, kaka. Wewe ndiye unayejua."

Aliikokota baiskeli yake kwenda nyumbani, chupa ikigonga gonga usukani. Mohamedi aliona ilikuwa bado imejaa, akageuza uso.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, Mwanne alikuwa akipakua pilau alipochungulia mlangoni na kuita kwa furaha, "Shemeji Linus huyo! Na shati la kanisani!"

Mohamedi alitamani kutokea mlango wa nyuma. Alijua amekuja kudai haki yake, na haki alikuwa nayo. Lakini Linus alivua viatu, akamkumbatia kwa mikono miwili, akasema Idi njema, akaketi mkekani. Hakuwa na harufu ya pombe. Alikuwa amekonda mpaka kola ilimzidi shingo. Mohamedi alimtazama, roho ikamsuta. Akaamua kwamba akishamaliza kula atamwambia yote, ya kalavatini na ya vumbi, hata kama atadharauliwa mpaka kufa.

Mwanne aliweka sinia katikati, akawanawisha.

"Karibu, Linus," Mohamedi alisema kwa sauti ndogo. "Mgeni ndiye anayeanza."

Linus hakugusa sinia. Alikuwa anatabasamu kwa haya, kama mtu aliyekamatwa akifanya jambo jema.

"Hapana, kaka, tangulia wewe. Nilijiapiza sitakuacha na kiu peke yako. Mwezi mzima nimefunga kwa kukufuata wewe, na leo hata kula nitakufuata."