Kibandiko Chekundu

Mtaalamu wa utalii alitandaza ramani ya mji mezani, akampa kila mwananchi kibandiko chekundu.

"Leo mnaoupanga mji ni ninyi," alisema. "Bandika mahali unapopapenda kuliko pote."

Bi Nyamvula alipanga foleni saa nzima. Zamu yake ilipofika, alikitafuta kwa kidole kilima alikomzika mwanawe, akabandika hapo, kisha akapapapasa taratibu kama anayemfunika mtoto shuka.

"Umechagua pazuri, mama. Kuna nini hapo?"

"Mwanangu."

Mtaalamu alimgeukia karani wake. "Andika: wenyeji wamependekeza kilima. Bwawa la kuogelea la hoteli litakaa hapo."

"Sikupendekeza, baba. Nimesema napapenda."

"Ndiyo hivyo hivyo, mama. Tumekushirikisha. Soda yako ile pale."

Watu wakapiga makofi. Bi Nyamvula aliinama, akakibandua kibandiko kwa ukucha. Karatasi ikachanika, kilima kikamnata kidoleni. Katika tundu lililobaki ilionekana ramani nyingine, iliyokuwa chini ya ile ya kwanza, na pale pa kilima palikuwa pameshapakwa rangi ya bluu.