Simu ya Lusajo Hubaki Nyumbani

Siku hizi lori haliwaki mpaka simu ya dereva ibaki nyumbani, mkononi mwa mtu wa nyumbani kwake, ili asiongee akiendesha. Ya mwanangu Lusajo naitunza mimi, kando ya Biblia. Leo mchana ikalia.

“Shikamoo mama! Nimeazima simu ya utingo. Nani kanitafuta?”

“Marahaba. Umeegesha?”

Akacheka. “Mama nawe! Niko mteremkoni na mbao zangu, naendesha vizuri tu. Hebu nisomee ujumbe.”

“Kata simu, baba.”

“Nisomee kwanza. Ukikata, napiga tena.”

Nikafumba mdomo. Nikisema neno, namtoa macho barabarani. Nikikata, atainama kubonyeza namba. Nasali kimoyomoyo, naye ananiita, “Mama? Mama, unanisikia?” huku honi ya gari lingine ikikaribia.