Majibu ya Kusomwa Jumapili

"Mama, nipe mkono tena," alisema Daktari Kagabo, na Illuminée akauficha mkono wake ndani ya kitenge upesi.

"Si mulishachukua damu, muganga?"

"Hiyo ya mwezi jana ndiyo inanitisha. Nataka kuhakikisha."

Illuminée alitazama sakafu. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako mtu hujifunza kujibu kabla hajaulizwa, na sasa huku Kigali, mtaa mzima wa Gikondo, hakuwa na mpinzani kwa maneno. Leo ulimi ulikuwa mzito. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka moto.

Maana presha yake ilikuwa "imepona". Mwenyewe alisimama mbele ya kikundi cha sala cha parokia, kipaza sauti mkononi, akatangaza kwamba Bwana amemponya na vidonge ameshatupa. Watu walipiga makofi, akina mama wakalia. Haukupita muda kizunguzungu kikarudi. Lakini nani angerudi kwenye kile kipaza sauti kusema alijidanganya? Akajikaza kisabuni, akanyamaza.

Ndipo kliniki ikaanza kuwaita wanawake wenye presha kwa kipimo kipya cha damu. Eustache, kiongozi wa kikundi, alifurahi kupita kiasi. "Mama Liliane, mwende mupimwe! Majibu tutayasoma Jumapili mbele ya watu wote, wanaotucheka wafunge midomo." Angekataaje? Visingizio vyote vilikuwa vimemwishia.

Na sasa majibu yalikuwa mezani.

Daktari Kagabo alikuwa mgeni hapo kliniki. Alikuwa mtoto wa Kampala, Kiswahili chake kikichechemea, lakini alijitahidi. "Mama, presha ikikaa juu siku mingi, moyo inachoka. Ikichoka, inatoa protini fulani, inaingia kwa damu. Mtu bado hasikii kitu. Anafanya kazi, anakula, anacheka. Lakini damu iko inasema. Na hii inasema sana."

"Hata mtu mwenye nguvu zake? Anayekimbia?"

"Huyo ndiye mbaya zaidi, sababu hatakuja kupimwa."

Daktari alimbembeleza mpaka akautoa mkono, kisha daktari akauzungushia mkanda wa presha, akaujaza hewa, akakunja uso. "Leo iko juu, kweli. Lakini siku ile ya damu ilikuwa juu kupita hii. Nesi aliogopa, wewe unamcheka tu."

"Siku ile? Kupita hii yangu?"

"Kupita hii."

Akaanza kutafuta mshipa. Aligonga-gonga kwenye kiwiko, akageuza mkono huku na huku, asiuone. Alitikisa kichwa. Nesi alikuwa amemwambia kwamba kumtoa mama huyu damu ilikuwa kazi nyepesi. Akaweka sindano chini, akavuta kiti karibu.

"Mubyeyi, mzazi wangu, pole. Hii si kitu ya kuficha. Tukianza dawa leo, moyo inaweza kupumzika, bado tuko mapema. Ukificha, siku moja utaanguka njiani, na watu watasema ni ghafula. Nani nyumbani anajua?"

"Hakuna."

Kutoka kwenye korido ilisikika sauti ya Liliane, bintiye, aliyemleta kwa gari. Alikuwa kwenye simu, akipanga na wenzake watakapokutana kukimbia Jumapili, siku ambayo jiji hufunga barabara kwa magari. Alikuwa msichana mwema, huyu. Mama yake hakuwahi kumwomba jambo akamkatalia. Alicheka kwa sauti, na Illuminée akageuka kuutazama mlango.

Alimfikiria Eustache akisubiri karatasi yake. Aliwafikiria akina mama wa kikundi watakavyonong'onezana, na padri atakavyomtazama. Mwanzoni hiyo ndiyo aibu aliyokuwa akiikimbia. Sasa aliiona ndogo, karibu ya kuchekesha, kando ya ile iliyomfikia hapo kitini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Mama, usilie," alisema daktari. "Kunywa tu dawa."

Illuminée aliinuka, akafungua mlango. Alimshika Liliane, akamvuta ndani simu ikiwa bado sikioni, akamkunjia mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko na kuulaza mkono ule mezani, mbele ya daktari.

"Chukua hapa, muganga," alisema. "Ile damu ya mwezi jana ilitoka hapa."